Barua kwa mwanangu: brekibiti usiiweke pembeni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kwamba kazi ya kupiga muziki imekukolea. Unasema unapiga hausi na tekno, miziki ya klabu, watu wanaitika, lakini kila ukiingiza brekibiti, ule muziki uliojengwa juu ya vipande vya ngoma tupu vilivyokatwa kwenye santuri, mwenzako wa zamu anakunong'oneza kwamba unavunja ukumbi, watu wanatawanyika. Kwake yeye mdundo ule ni wa kufungulia usiku au kuufunga, tena umepitwa na wakati. Ukaniuliza: "Mama, brekibiti ina nafasi gani hasa kwenye seti, ule mfululizo wa nyimbo ninaoupiga usiku? Niiache?"

Usiiache. Iweke katikati, pale ukumbi ulipokwisha kuchemka, na uipe muda wa kutosha.

Tazama kwanza inavyoufanya mwili. Hausi na tekno zimesimama juu ya ngoma ya mguu inayogonga kila pigo, moja mbili tatu nne, bila kuyumba. Raha yake ni hiyo hiyo: mchezaji akishaingia humo hahesabu tena, miguu inajiendea. Brekibiti haimwachii usingizi huo. Ngoma ya mguu inaliruka pigo ulilolitegemea, kisha inatokea katikati ya mapigo mawili. Sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali wa mkato, ndiyo inayoshika usukani, kwa kawaida kwenye pigo la 2 na la 4, na baina yake mpiga ngoma ameacha vipigo hafifu ambavyo sikio halivitambui kwa urahisi. Vitoe uone: mdundo wote unakauka. Kinachocheza hapo ni mabega na kiuno, maana mguu peke yake haujui utue wapi.

Msikilize mpiga ngoma Gregory Coleman. Mwaka 1969 bendi yake, The Winstons, ilitoa santuri ya "Color Him Father", na upande wa pili wakaweka wimbo usio na maneno, "Amen, Brother". Katikati ya wimbo huo wenzake wananyamaza, Coleman anabaki peke yake na ngoma zake kwa baa 4, kila baa mapigo manne, sekunde kama 7 hivi. Baa mbili za kwanza zinafanana. Kwenye ya tatu anaichelewesha sneya ya mwisho, inatua baada ya pale ulipoisubiri. Baa ya nne inaanza na pigo tupu kabisa, halafu mapigo ya mkato, na toazi linalia mapema kuliko desturi. Weka vipokea sauti usikilize hiyo baa ya nne peke yake, tena na tena. Mtu aliyeketi mbele ya ngoma amefanya uamuzi pale pale, na uamuzi huo umekuwa ukichezesha watu kwa zaidi ya miaka 50.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba brekibiti ni kachumbari tu ya pembeni. Sehemu kubwa ya ufundi unaoutumia kila usiku ulizaliwa kwa ajili yake. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick, Bronx, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejiita Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji wanasubiri ile sehemu ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake; ikifika ndipo wanajimwaga. Akaanza kutumia nakala mbili za santuri moja, hii ikimaliza sehemu ya ngoma anairudisha nyingine, na kilichokuwa cha sekunde chache kikawa cha dakika kadhaa. Dijei mwingine, Grandmaster Flash, akaja kuinyoosha kazi hiyo: aliichora santuri alama kwa kalamu ya rangi ili ajue sehemu inaanzia wapi, akairudisha nyuma kwa kidole bila kupoteza pigo. Leo wewe unabonyeza kitufe cha lupu, kipande kinajirudia chenyewe. Jambo ni lile lile.

Halafu zikaja sampula, mashine za kunasa vipande vya sauti viitwavyo sampuli. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilibeba sauti ya sekunde 10 tu hivi kwa jumla, kwa hiyo watu walikuwa wakiipiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya mizunguko 45 ili iingie kwa ufupi, kisha wanaishusha ndani ya mashine. Ule ukwaruzaji unaousikia kwenye rekodi za wakati ule ulitokana na ubanifu huo. Pale London, miaka ya mwanzo ya 1990, madijei Fabio na Grooverider walikuwa na usiku wao ulioitwa Rage kwenye klabu ya Heaven. Walichanganya tekno na brekibiti zilizokazwa mwendo, na wachezaji ndio waliowaonyesha njia ya kufuata. Mdundo wa Coleman, ambao asili yake ni mapigo kama 136 kwa dakika, ukasukumwa hadi 160 na kupita, ukakatwa vipande vidogo vidogo na kupangwa upya. Humo ndimo ilimotoka aina ya muziki iitwayo jango, na baadaye dramu na besi. Angalia kwamba haikuzaliwa chumbani kwa mtu mmoja. Ilizaliwa ndani ya seti, mbele ya watu, kwa madijei waliochanganya yale ambayo mwenzako anasema hayachanganyiki.

Na hili la kupitwa na wakati au kufukuza watu silielewi. Kundi la Uingereza, The Prodigy, lilitoa albamu mwaka 1997 iliyojaa brekibiti, ikashika namba 1 Uingereza na Marekani. Muziki unaopendwa na watu wengi namna hiyo hauwafukuzi ukumbini.

Kuna jambo moja lazima ulibebe pamoja na ufundi huu. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makao, bila kupata hata senti kwa zile sekunde 7. Richard Spencer, kiongozi wa bendi na mwenye haki ya wimbo, naye hakulipwa miaka yote hiyo, mpaka mwaka 2015 mashabiki walipomchangia pauni kama 24,000. Clyde Stubblefield, aliyepiga ngoma kwenye "Funky Drummer" ya James Brown, hakuorodheshwa kama mtunzi, kwa hiyo mdundo wake ukazunguka dunia nzima na malipo yakamkwepa. Nakuomba uwajue kwa majina. Ukiulizwa na kijana anayekutazama mkononi, "hii ngoma ni ya nani?", usimjibu kwamba ni sampuli tu.

Sasa tuje kwenye seti yako. Nafikiri mwenzako ameona kitu cha kweli ila amekisoma vibaya. Brekibiti huvunja ukumbi pale inapoingia ghafla na kutoka ghafla, dakika mbili, kama dijei anaomba radhi. Wachezaji wanapotezwa hatua, na kabla hawajaipata mpya wamerudishwa kwenye ya zamani. Ukiamua kuingia, kaa humo nyimbo tatu nne. Wimbo wa kwanza watu wanatafuta, wa pili wanapata, wa tatu ndio wanaocheza kweli.

Namna ya kuingia ni rahisi ukiwa na subira. Brekibiti za kasi ya mapigo 128 mpaka 135 kwa dakika zinakaa bega kwa bega na tekno, kwa hiyo mwendo usikutie hofu. Kinachogongana ni sauti za chini. Ngoma mbili za mguu zisizopiga pamoja zinatoa vishindo vya mtu anayeanguka ngazi. Basi punguza kabisa besi, yaani sauti za chini, ya brekibiti, iache sneya na haihati zake, yale matoazi mawili madogo yanayogongana, zitambae juu ya ngoma ya tekno kwa baa 16. Masikio yanaizoea sneya ile bila kujua. Baa ya 17 ikianza, badilisha: besi ya tekno chini, besi ya brekibiti juu, kwa mkono mmoja na kwa pigo la kwanza kabisa. Usiiondoe tekno yote. Bakiza haihati zake zilizonyooka kwa baa 8 zaidi, wapate cha kushikilia wakati ngoma ya mguu imeanza kuwakwepa.

Ukitaka kuruka hadi jango, kuna hesabu nzuri. Teremsha tekno yako hadi 127.5, kisha fanya lupu ya mapigo 3 badala ya 4. Mapigo 3 ya kasi hiyo yanachukua muda ule ule wa mapigo 4 ya kasi 170. Iache lupu izunguke bila ngoma ya mguu, na jango ya 170 inaingia juu yake kana kwamba ilikuwa humo tangu mwanzo. Na ukitoka kwenye 170, kumbuka nusu yake ni 85. Hip hop ya mwendo huo inakupokea bila kugusa kitu, na ukumbi unapumua bila kusimama.

Kurudi kwenye hausi ndipo penye utamu ninaoupenda kuliko wote, na ndiyo sababu kubwa ya kukuambia uiweke katikati. Baada ya dakika 15 za mdundo unaokwepa, ile ngoma iliyonyooka, ambayo walikwisha kuizoea hata hawaisikii, inarudi na uzito mpya. Watapiga kelele kwa kitu walichokuwa nacho saa nzima. Ukiiweka brekibiti mwishoni mwa usiku, marejeo hayo huyapati.

Mwambie mwenzako, kwa heshima, akuachie robo saa hiyo mara moja, naye ashuke chini asimame katikati ya watu badala ya kusimama nyuma yako. Wewe irekodi seti nzima unitumie. Nitaanzia kusikiliza zile baa 8 za haihati, nione kama uliziacha au ulikuwa na haraka.

Mama yako