Je, ni shirki kusema mwezi ndio unaovuta maji ya bahari?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi ni mvuvi, mkazi wa Kigamboni. Mwanangu wa darasa la sita amerudi shule anasema mwezi ndio unaovuta bahari ikajaa na kupwa, na tena mwezi hauna mwanga wake, unaazima kwa jua. Nikamkemea: bahari anaijaza Mwenyezi Mungu, na Qur'ani imesema mwezi ni nuru. Mama yake anasema nimemuonea mtoto. Nani yuko sawa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, mama watoto yuko sawa, ingawa kilichokusukuma nakijua. Nadhani ulikumbuka hadithi ya Hudaybiya, mahali karibu na Makka. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, Mtume (s.a.w.) alisimulia kauli ya Mola wake, kwamba anayesema "tumenyeshewa kwa nyota fulani" amemkufuru Yeye na kuiamini nyota. Hadithi ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim. Lakini wanavyuoni wameifafanua: anayekusudiwa ni yule anayeitakidi kuwa nyota ndiyo itendayo. Anayesema Mungu amekijaalia kitu kuwa sababu ya kingine hajashirikisha, kama vile hujashirikisha ukisema moto umeunguza wali.

Na sababu hii, wewe mvuvi unaijua kuliko mwalimu. Si unajua kuwa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huja mwezi ukiwa nusu? Si unajua kuwa maji yakijaa leo saa 4, kesho yatachelewa kama dakika 50? Mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa wastani wa kiasi hichohicho. Uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400, na bado unavuta. Jua nalo linavuta, ila kwa umbali wake athari yake kwenye maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Vikikaa mstari mmoja na ardhi, maji hujaa sana na kupwa sana. Ngalawa zinalala ubavu mchangani na watu wanaingia miambani kuchokoa pweza. Mwezi ukivuta huku na jua likivuta kule, ndiyo maji mafu.

Ama nuru, Surat Yunus aya ya 5 imeliita jua "dhiyaa", yaani mwangaza, na mwezi "nuru", na Surat Nuh aya ya 16 ikaliita jua taa. Aya hazikusema nuru ya mwezi imetoka wapi, basi mtoto kapinga nini? Mimi si katika wanaopenda kusukuma sayansi ndani ya kila aya, lakini hili tumeliona kwa macho. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa 2:30 hadi karibu saa 4. Ardhi ilikaa katikati ikaukinga na jua, ukafifia ukawa mwekundu kama kaa linalozimika. Mwanga ungekuwa wake, kivuli chetu kingeufanya nini?

Aya hiyohiyo ya Yunus inasema mwezi umepimiwa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Mwezi huizunguka ardhi kwa siku 27 na saa 8 hivi, lakini ardhi nayo huwa imesogea katika kulizunguka jua, kwa hiyo mwandamo hadi mwandamo ni kama siku 29 na nusu. Ndiyo maana mwezi wetu ni wa siku 29 au 30, kama Mtume alivyoonyesha kwa vidole vyake.

Mwite mtoto umwombe radhi, si aibu kwa baba. Bamvua lijalo mchukue pwani, akueleze ya mwalimu nawe umweleze ya wazee. Na siku mwezi ukipatwa tena, swalini pamoja swala yake.

Wallahu aalam.