Ritifaa iliyopinda na salio la meseji

Dada, umeuliza kwa nini salio lako la meseji 400 lilikwisha baada ya kuwafikia wateja 133 tu, ilhali kila mmoja alipelekewa ujumbe mmoja. Gawanya 400 kwa 3 na jibu utaliona: kila ujumbe ulihesabiwa mara tatu. Yalinipata hayo hayo katika duka langu la leso mtaa wa Biashara hapa Mombasa, nikamlaumu mtoa huduma wiki nzima bure.

Anayekuuzia SMS hutoza kwa kipande. Kipande kimoja hubeba herufi 160, nafasi tupu zikiwemo. Ukizidisha hata moja, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 153, kwa kuwa sehemu iliyobaki hubeba maelezo ya kuviunganisha kwenye simu ya mteja. Lakini ikiingia alama moja tu isiyomo katika orodha ya kawaida ya SMS, emoji kwa mfano, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa maandishi, na kipande hushuka hadi herufi 70, au 67 vipande vikiwa vingi.

Mimi niliponzwa na ritifaa, ile alama ndogo ya juu iliyo katika ng'. Tangazo langu lilikuwa na herufi 158 bila emoji yoyote, ila lilitaja leso “zinazong’aa”, na kompyuta ilikuwa imeipinda ritifaa hiyo yenyewe. Iliyonyooka imo katika orodha, iliyopinda haimo. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, tusioweza kuitaja ng'ombe wala ng'ambo bila alama hiyo, hili ni jambo zito. Nilipoinyoosha, vipande vitatu vikawa kimoja.

Umeuliza pia kama uhamie WhatsApp: programu yake ya biashara ya kwenye simu kwa kawaida haina ada. Kinacholipiwa hasa ni kutuma kwa mfumo wa kompyuta uliounganishwa na WhatsApp (API): tangu tarehe 1 Julai 2025, Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, hutoza kwa kila ujumbe wa kiolezo (ulioandaliwa na kuidhinishwa mapema) unaofika, badala ya kutoza kwa kila mazungumzo ya saa 24. Mteja akianza kukuandikia, majibu ya kawaida ndani ya saa 24 ni bure, ila tangazo kwa kawaida hulipiwa hata hapo, na wakala wa kati anaweza kuongeza chake.

Kabla hujanunua salio jingine, muulize mtoa huduma wako kwa maandishi kama meseji zisizofika hulipiwa. Wangu alijibu kwamba hulipiwa, na jioni ile ile nikaanza kuziondoa namba zilizokufa.