Maswali ya Wasomaji: Meseji Imechomoza Mbele ya Mteja

Barua za mwezi huu karibu zote zinatoka kwa watu wanaotumia Telegram na WhatsApp kwenye kompyuta, si kwenye simu. Nazijibia hapa hapa kaunta kwangu, Ngamiani, Tanga, printa ikiguguna karatasi pembeni. Majina ya Kiingereza mtakayoyaona ni yale yale yaliyoandikwa kwenye skrini zenu, nimeyaacha yalivyo ili msipotee njia.

*Nina steshenari ndogo Morogoro. Wateja wananitumia kazi kwa Telegram na WhatsApp, nafungua kwenye kompyuta na kuprinti. Shida ni meseji zangu binafsi. Zinachomoza pembeni ya skrini wakati mteja ameinama anakagua barua yake. Juzi mmoja kaniuliza, "Kumbe na wewe unacheza upatu?" Siwezi kuzima arifa zote maana kazi zinaingia humo humo. Nifanyeje?*
*Mwenye Steshenari, Morogoro*

Mwenzangu wa kaunta, wewe umeulizwa upatu tu. Mimi nilikuwa na mteja mmoja, mzee wa heshima zake, anashughulikia kesi ya mirathi. Alikuwa na deni la kopi, shilingi 18,000. Siku hiyo amesimama begani kwangu, kavaa miwani, anahakiki barua neno kwa neno. Daftari la madeni analishika dada yangu nyumbani. Akaona ndio wakati mwafaka wa kuniandikia. Pale chini kulia, juu ya saa, kikachomoza kiboksi: "Yule mzee wa mirathi kalipa ile 18,000 au bado anakuzungusha?"

Mzee akasoma. Najua alisoma kwa sababu midomo yake ilitembea. Akatoa noti ya elfu kumi, akailaza juu ya kibodi, akasema, "Mwambie imebaki nane." Hiyo nane aliileta mjukuu. Yeye mwenyewe hakukanyaga tena hapa mpaka mfungo ulipoisha.

Kwa hiyo nifuate. Kwenye Telegram, bofya vimistari vitatu juu kushoto, ingia Settings, kisha Notifications and Sounds. Utaona sehemu mbili za kuwasha na kuzima: moja ni jina la mtumaji, nyingine ni maneno yenyewe ya ujumbe. Zima zote mbili. Arifa zitaendelea kuja na mlio wake, lakini kitakachoandikwa ni kwamba una ujumbe mpya, basi. Ukiacha jina na kuficha maneno pia inawezekana, ila fikiria na majina uliyoyaseti kwenye simu yako. Mimi nina mtu nimemhifadhi "Usipokee Mkopo".

Hapo hapo, kama hutumii arifa za Windows bali za Telegram yenyewe, kuna kipicha cha skrini kinachokuruhusu kuchagua kona ambayo arifa zitatokea na ngapi zionekane kwa mpigo. Mteja wangu husimama kulia, kwa hiyo nimezihamishia juu kushoto, na nimeruhusu moja tu.

Lakini dawa yenyewe ni kutenganisha duka na nyumba. Telegram ya kompyuta inabeba akaunti hadi tatu bila malipo. Fungua moja kwa laini ya duka, nyingine iwe yako. Kisha rudi Notifications and Sounds, zima ile ya kupokea arifa za akaunti zote. Ukiwa kwenye akaunti ya duka, akaunti yako inanyamaza kabisa. Hapo dada na daftari lake waandike watakavyo.

Kuna na kufuli. Settings, Privacy and Security, Local Passcode, weka nambari yako. Tangu hapo ukiinuka kwenda kuchomoa karatasi iliyokwama, bonyeza Ctrl na L kwa pamoja, dirisha linajifunga papo hapo. Ukijijua msahaulifu, liweke lijifunge lenyewe baada ya dakika moja. Ila nambari usiisahau: ukiisahau, njia iliyobaki ni kutoka kwenye akaunti na kuingia upya kwa simu.

Kwa WhatsApp, ingia Settings, Notifications, uzime kuonyesha maneno ya ujumbe. Na ukiwa unashughulika na hilo, chukua simu, fungua Linked devices uhesabu. WhatsApp inaruhusu kuunganisha vifaa vinne zaidi ya simu yako. Kama ulishawahi kuwa na msaidizi aliyeondoka, hapo ndipo utakapojua kama aliondoka kweli.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, Iringa. Mwanangu kaniletea laptopu, akaniwekea Telegram nifuatilie kundi la tuliosoma wote chuo. Herufi ni ndogo kama za kwenye chupa ya dawa. Kijana wa jirani akazikuza kwa kubadilisha Windows nzima, sasa kila kitu kimekuwa kama sahani na vibonye vingine vimetoka nje ya kioo. Weupe wake nao unanichoma macho usiku.*
*Mwalimu, Iringa*

Shikamoo mwalimu. Kwanza tuirudishe nyumba ya watu ilivyokuwa. Fungua Settings ya Windows, System, Display, sehemu ya Scale, uchague ile asilimia iliyoandikwa Recommended pembeni. Sahani zitarudi kuwa visahani.

Sasa tuikuze Telegram peke yake. Ingia Settings yake, shuka kidogo utakuta Default interface scale imewashwa. Izime, na kile kimstari cha asilimia kitakuwa chako kukivuta. Anza na 125. Itakuomba ijifunge na kufunguka upya, ikubalie. Kama bado unakunja uso, panda 150. Mama yangu yuko hapo na anasoma bila miwani, ingawa mwenyewe anadai ni kwa sababu ya karoti. Kimstari kinakwenda hadi 300 kwenye skrini zinazoruhusu, lakini ukifika huko ujumbe mmoja wa salamu unajaza ukurasa.

Herufi zikikua, nafasi inapungua. Peleka mshale kwenye mpaka kati ya orodha ya watu na ujumbe wenyewe, shika, uvute kushoto. Orodha inasinyaa mpaka zinabaki picha za mviringo tu, na upande wa kusoma unapanuka. Wengi hawajui kwamba ule mpaka unasogea.

Kuhusu weupe, nenda Chat Settings. Kuna sura nne: Classic, Day, Tinted na Night. Mbili za mwisho ni za giza. Usichague kwa sifa za watu. Kuna macho ambayo maandishi meupe juu ya weusi huyaona yanachezacheza, na kuna yanayotulia. Kaa nazo jioni moja moja, soma ujumbe mrefu, utajua. Na zile picha za maua na vikaragosi nyuma ya ujumbe ziondoe kabisa, weka rangi moja iliyopoa. Sehemu kubwa ya uchovu wa macho yangu ilikuwa pale, si kwenye weupe.

WhatsApp haina kimstari hicho, ila Ctrl na alama ya kujumlisha inakuza, ya kutoa inapunguza, Ctrl na sifuri inarudisha kawaida. Ukiijaribu hiyo ya sifuri kwenye Telegram kwa mazoea, itakupeleka Saved Messages, pale unapojiwekea ujumbe wako mwenyewe. Usishtuke mwalimu, hujaharibu kitu.

*Mimi ni katibu wa kikoba chetu. Nilikaa kwenye kompyuta kuandika tanzia vizuri, yenye mistari. Nikaandika TANZIA: MWENYEKITI WETU, nikabonyeza Enter nishuke chini niendelee "amefiwa na mama mkwe wake". Ikajituma! Kabla sijamaliza wa pili, watu kumi na moja wameshaandika Inna lillahi, na mmoja kampigia mume wa mwenyekiti kumpa pole.*
*Katibu, Zanzibar*

Katibu, nimecheka na Mungu anisamehe. Kwenye kompyuta, Enter ikiachwa ilivyo ni kutuma. Kushuka mstari ni Shift na Enter pamoja, kote kuwili. Kama vidole vyako vimezoea mashine ya kuchapa na havitabadilika, nenda Chat Settings ya Telegram, kwenye sehemu ya ujumbe, uchague kutuma kwa Ctrl na Enter. Kuanzia hapo Enter itashuka tu, kama kwenye daftari.

Na siku nyingine usiharakishe kuandika ujumbe wa pili juu ya maafa. Hariri ule ule. Kwenye WhatsApp una dakika 15 tangu kutuma, kwenye Telegram una saa 48. Bonyeza kishale cha juu kwenye kibodi ukiwa Telegram na kisanduku chako ni kitupu, ujumbe wako wa mwisho unafunguka kwa kuhaririwa. Mwenyekiti mwambie nampa pole ya mkwewe, na hongera ya uhai.

*Nasoma chuo Dodoma. Laptopu naiunganisha na hotspot ya simu. Nikifungua Telegram tu, bando la GB 1 linakwisha kabla sijafungua hata noti. Na diski nayo imejaa.*
*Mwanachuo*

Makundi ya darasa hayo. Noti moja, filamu tano. Telegram inaruhusu kutuma faili la hadi GB 2, na mwenzako mwenye intaneti ya ofisini hana huruma na bando lako.

Ingia Settings, Advanced, utafute Automatic media download. Imegawanywa mara tatu: mazungumzo ya watu wawili, makundi, na chaneli. Kwenye makundi na chaneli zima faili na video zote. Picha unaweza kuziacha kwa watu wawili tu. Hapo hapo Advanced zima video na vile vipicha vinavyojichezea vyenyewe. Kisha iambie Windows kwamba hotspot hiyo inalipiwa: Settings, Network & internet, bofya jina la mtandao wako, washa Metered connection. Itapunguza kupakua masasisho yake kimyakimya.

Diski: Advanced tena, Manage local storage. Weka kikomo cha ukubwa, kisha safisha. Hutapoteza ujumbe, kwa sababu Telegram huhifadhi mazungumzo ya kawaida kwenye seva zake, na picha utakayoihitaji utaipakua tena. Ila faili ulizozipakua kwa mkono wako ziko kwenye folda ya Downloads na hizo usafi huu hauzigusi. Washa ile ya kuuliza pa kuhifadhi kila faili. Inakera siku mbili tatu, lakini utaacha kutafuta "document (14)" usiku wa kuamkia mtihani.

*Mimi ni Mnyama damu, shabiki wa Simba. Nataka Telegram yangu iwe nyekundu na nyeupe mwanzo mwisho. Pia rafiki kanitumia programu ya kuipaka WhatsApp rangi yoyote, niiweke?*
*Wa Temeke*

Nianze na la mwisho: hiyo ya rafiki ifute leo. WhatsApp yenyewe inakupa mwanga au giza na kubadilisha picha ya nyuma, tosheka na hizo. Programu ya pembeni inayoingia ndani yake kuipaka rangi inaweza kusoma kila unachosoma, na WhatsApp hufungia akaunti za wanaotumia matoleo yasiyo yake.

Telegram ndiyo uwanja wako. Mimi ni shabiki wa Coastal Union ya hapa Tanga, Wagosi wa Kaya, kwa hiyo nakusaidia bila upendeleo. Njia fupi: Chat Settings, chagua Day, chini yake kuna vidoti vya rangi, gonga chekundu. Vibonye na linki vitageuka. Kwa wengi inatosha.

Njia ndefu ni kutengeneza sura yako mwenyewe. Kwenye Chat Settings hiyo hiyo, vidoti vitatu juu kulia, Create new theme. Itafunguka orodha ndefu ya rangi, kila moja na jina lake. Usiiogope, anza na nne: windowBg ni ukuta wa nyuma, windowFg ni maandishi juu yake, msgInBg ni kiboksi cha ujumbe unaoupokea, msgOutBg ni cha unaoutuma. Ukuta uache mweupe. Chako kiwe na wekundu uliopauka, kama juisi ya rosela iliyotiwa maji mengi, maandishi yawe meusi. Wekundu wa jezi wenyewe uweke kwenye vitu vidogo tu.

Usipake kila kitu kwa sababu moja: Telegram inatumia nyekundu kwa maneno ya hatari, kama Delete. Ukiifanya nyumba nzima nyekundu, kibonye cha kufuta kundi zima kitafanana na cha kutuma salamu.

Ukimaliza na kuiweka, itakuuliza kama unaibakiza, huku ikihesabu sekunde kurudi nyuma. Usipobofya chochote, inairudisha sura ya zamani yenyewe. Kwa hiyo hata ukijipaka nyekundu juu ya nyekundu mpaka usione pa kubofya, toa mkono kwenye mausi, usubiri.