Mpasuko sugu wa njia ya haja kubwa: kabla hujasaini fomu ya upasuaji

Si kila anayekwenda kliniki akisema ana bawasiri anayo kweli. Bawasiri ya ndani hutoa damu, wakati mwingine nyingi, lakini kwa kawaida haiumi sana. Ukihisi kama unakatwa na wembe choo kinapopita, kisha maumivu yakakaa saa moja, mbili au hata nusu siku, na damu nyekundu ni matone tu, fikiria kwanza mpasuko. Aliyetumia dawa za bawasiri miezi mitatu kutibu mpasuko bado hajaanza matibabu.

Mpasuko ni mchaniko mdogo kwenye ngozi laini ya ndani ya tundu, na mara nyingi uko upande wa nyuma, kuelekea kifandugu. Chini yake kuna msuli wa ndani wa kubania, ambao hufanya kazi bila wewe kuuamuru. Ukichomwa na maumivu unajikaza, ukijikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda, na kidonda kisichopata damu hakifungi. Choo kigumu kinachofuata kinakichana upya. Ndiyo maana upasuaji wa tatizo hili unalenga msuli zaidi ya kidonda chenyewe, na uamuzi wako nao uangalie msuli huo.

Kidonda kikipita wiki 6 hadi 8 bila kupona, kinahesabiwa kuwa sugu. Kingo zake zinakuwa ngumu, nje kinaota kinyama kidogo, na daktari akitazama huona nyuzi za msuli chini ya kidonda. Kinyama hicho ndicho watu hukimbilia kukichoma kwa dawa za vibandani. Msifanye hivyo. Dawa hizo huunguza ngozi, na kovu lake linaweza kulifanya tundu lisinyae, halafu tatizo la pili likawa baya kuliko la kwanza.

Swali la kwanza: je, umetibiwa kweli? Wengi wanaosema wametumia dawa zote wametumia krimu ya ganzi tu. Ganzi inapunguza uchungu lakini hailegezi msuli. Matibabu kamili yana mambo matatu yanayokwenda pamoja kwa wiki 6 hadi 8: choo laini, maji ya uvuguvugu, na krimu ya kulegeza msuli.

Choo laini ni kazi ya kila siku. Sahani ya ugali wa udaga (muhogo) kwa dagaa wakavu, bila mboga na maji kidogo, ni njia fupi ya kufunga choo. Ongeza mlenda, matembele, maharage, papai, parachichi. Kama chakula hakitoshi, kunywa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 asubuhi na jioni, ukiongeza au kupunguza mpaka choo kiwe laini bila kuwa maji. Kuhara nako kunachubua kidonda, kwa hiyo usivuke mpaka. Ukitumia maganda ya ispaghula (unga wa nyuzinyuzi za kulainisha choo), kila kijiko kiende na glasi nzima ya maji, la sivyo ndiyo yatakayokufunga. Tatizo kubwa kwa wavuvi wa dagaa ni kubana haja usiku kucha ziwani mpaka mtumbwi urudi mwaloni. Choo kinachosubiri hunyonywa maji na kukauka. Kula na kunywa mapema, uende chooni kabla ya kuingia ziwani, na usikae chooni zaidi ya dakika chache ukijikamua.

Beseni: kalia maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa mara baada ya choo. Dettol hapana, ndimu hapana, wala maji yanayounguza. Joto la wastani ndilo linaloulegeza msuli.

Krimu ni diltiazemu 2% au gliseri trinaitreti 0.2% hadi 0.4%, kiasi kidogo mara mbili kwa siku, pembeni ya tundu na ndani kidogo tu. Si kila duka la dawa linazo, uliza duka kubwa au famasia ya hospitali. Trinaitreti huumiza kichwa watu wengi, hivyo vaa glovu na upake ukiwa umelala. Usiichanganye kabisa na vidonge vya nguvu za kiume kama sildenafil, shinikizo la damu linaweza kushuka kwa hatari. Kinachoangusha wengi ni kuacha mapema. Wiki ya pili uchungu umepungua, bomba la krimu linawekwa kabatini, na mwezi unaofuata kidonda kimerudi. Wanaomaliza dozi, karibu nusu au zaidi kidogo hupona, ingawa kwa baadhi yao kidonda hujirudia.

Hapa kando ya Ziwa Victoria kuna jambo jingine. Kichocho cha tumbo nacho hutoa damu na kamasi kwenye choo, na mtu anaweza kuwa na kichocho na mpasuko kwa pamoja. Pima choo kabla ya kufikiria kisu. Vilevile mpasuko ulio ubavuni badala ya nyuma au mbele, ulio zaidi ya mmoja, usiouma, au unaotoa usaha, unaweza kuwa na chanzo kingine: VVU, kifua kikuu, kaswende, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) au saratani. Ukikatwa msuli wakati ugonjwa ni mwingine, unabaki na vidonda viwili. Na kama umepungua uzito, choo kimebadilika, au damu imechanganyika na choo chenyewe, omba utumbo mpana uchunguzwe kwa kamera.

Sasa upasuaji wenyewe. Unapewa ganzi ya mgongo au usingizi kamili. Daktari anachana kidogo pembeni, anakata sehemu ya chini ya msuli wa ndani, na vizuri asizidi urefu wa mpasuko. Kazi yenyewe kwa kawaida haifiki nusu saa. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi hupona, na uchungu ule wa baada ya choo hupungua ndani ya siku chache. Hakuna krimu inayofikia hapo.

Bei yake ni ushuzi. Baadhi ya watu hushindwa kuuzuia, au hukuta doa kwenye chupi. Kwa wengi hali hii huisha baada ya wiki au miezi, lakini wachache hubaki nayo, na msuli uliokatwa haurudi kama ulivyokuwa. Kwa hiyo mwambie daktari ukweli bila haya: hewa inakutoka bila kujua sasa hivi? Ulichanika au kuvutwa mtoto kwa vifaa ulipojifungua? Ulishafanyiwa upasuaji wa eneo hilo? Unaharisha mara kwa mara? Jibu likiwa ndiyo, au umri umekwenda, usikubali haraka. Mpasuko wa mama aliyetoka kujifungua mara nyingi hauna msuli uliokaza, na kukata msuli ambao tayari umelegea ni kumharibia. Kwake bora kukata kingo za kidonda tu, kukifunika kwa ngozi ya jirani, au sindano ya botoksi, ambayo hulegeza msuli kwa miezi mitatu hivi kisha nguvu zake zinarudi.

Ukiambiwa watakutanua kwa vidole ukiwa usingizini, uliza njia nyingine. Utanuzi huo huchana msuli bila kipimo, na madaktari wengi wameuacha kwa sababu hiyo.

Tukiulizwa maoni: kama umemaliza wiki nane kwa uaminifu, msuli umekaza, hewa unaizuia vizuri, na kila choo bado ni saa za mateso, fanya upasuaji. Kuvumilia mwaka mzima hakuna faida. Kama uchungu unapungua, hata polepole, endelea wiki nne nyingine. Kama umeanza kukwepa chakula kwa kuogopa choo, wahi daktari bila kungoja wiki zitimie. Mwanza, rufaa ya kawaida ni hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Uliza daktari atakata kiasi gani, na ameshafanya upasuaji huu mara ngapi.

Baada ya upasuaji, anayetoka kisiwa cha Ukerewe apange kulala mjini siku mbili tatu, maana damu na mkojo kukataa hutokea mapema. Wa Sengerema sasa anapita daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko, lakini bodaboda kwenye barabara ya mashimo isubiri. Endelea na laktulosi na beseni. Tumia parasetamoli au ibuprofeni ikikufaa, na jiepushe na kodeini na tramadoli, zinafunga choo. Usiogelee wala kusimama ziwani kidonda kikiwa wazi. Matone ya damu ni ya kawaida, mabonge si ya kawaida. Homa, mkojo usiotoka, au uchungu unaozidi kuanzia siku ya tatu, rudi hospitali siku hiyohiyo, linaweza kuwa jipu. Hewa ikiendelea kukutoka baada ya miezi mitatu, rudi pia ufundishwe mazoezi ya kukaza nyonga.