Kwa Mliofika Marekani Karibuni: Msikipite Chuo cha Jamii

Ndugu zangu mliotoka kambi za Nyarugusu, Kakuma au kwingineko mkapangiwa makazi Louisville, Des Moines, Boise au Houston, jambo la kwanza mtakaloambiwa ni kutafuta kazi. Tafuteni. Msaada wa kuanzia maisha ni wa muda mfupi, kodi ya nyumba haisubiri mtu, na huko mlikotoka kuna ndugu wanaopiga simu kila mwisho wa mwezi. Basi wengi huingia ghalani kupanga mizigo, kiwandani kukata nyama, hotelini kutandika vitanda. Hakuna aibu katika kazi hizo. Zimelisha familia nyingi, yangu ikiwemo. Kinachoniuma ni kumkuta mtu yuleyule miaka mingi baadaye kwenye zamu ileile, mgongo umechoka, na mwendo wa basi kutoka anapoishi kuna chuo ambacho kingempokea muhula wowote.

Nazungumzia komyuniti koleji, chuo cha jamii. Nilisoma humo, na sasa nafanya kazi humo, katika kituo cha kuwasaidia wanafunzi masomo. Nimeona watu wakiingia hawawezi kujaza fomu ya jina na anwani bila mtoto wao kuwasomea, wakatoka na leseni ya uuguzi. Nimeona pia watu wenye akili nyingi wakiacha katikati kwa sababu ya jambo dogo ambalo wangeambiwa mapema lisingewaangusha. Hayo madogo ndiyo nataka kuyaeleza.

Vyuo hivi ni vya umma na viko takribani 1,000 nchi nzima. Kikongwe kati ya vinavyoendelea hadi leo, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901. Kwa kawaida havichagui watu kwa alama. Ukiwa na cheti cha sekondari, au GED, mtihani unaokubalika badala yake, unaingia, uwe na miaka 18 au 55. Ada kwa mkazi wa eneo hilo ni wastani wa takribani dola 4,000 kwa mwaka, wakati vyuo vikuu vya umma vya miaka 4 hutoza wastani wa zaidi ya dola 11,000 hata kwa wakazi wa jimbo lao. Wapo watakaokuambia kuwa ni chuo cha walioshindwa. Usiwasikilize. Eileen Collins, aliyetoka familia isiyo na uwezo, alianzia Corning Community College jimboni New York, akamaliza mwaka 1976. Mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa chombo cha anga za juu cha Marekani, na mwaka 1999 wa kwanza kukiongoza kama kamanda.

Ila mfano wa karibu zaidi na watu wetu ni uuguzi, na hapo ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu unaonyesha vizuri nguvu ya vyuo hivi: unasoma kwa vipande, na kila kipande kinalipa. Unaanza na CNA, msaidizi wa muuguzi. Sheria ya taifa inataka mafunzo ya saa 75 kwa uchache, na majimbo mengine huongeza, kwa hiyo ni suala la wiki kadhaa. Baada ya hapo unafanya mtihani wa jimbo na unaweza kuacha ghala uende kwenye nyumba ya wazee au hospitali. Ukiwa kazini unachukua masomo ya msingi polepole: Kiingereza cha kuandika, anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia. Kisha unaomba nafasi ya uuguzi wenyewe. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, ndiyo maana alama za anatomia zichukulie kwa uzito tangu siku ya kwanza. Ukimaliza shahada ya miaka 2 unafanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN, na ni mtihani uleule anaoufanya aliyesoma miaka 4 chuo kikuu. Leseni ni ileile. Ukitaka shahada kamili baadaye, hospitali nyingi husaidia kulipa ada ukiwa mfanyakazi wao. Mama mmoja wa Kivu ninayemfahamu alisimama miaka miwili katikati kwa sababu ya uzazi, akarudi, na krediti zake, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kufaulu, zilikuwa bado zinamsubiri. Chuo kikuu cha kawaida hakikuundwa kwa ajili ya maisha ya namna hiyo. Hiki kiliundwa hivyo.

Uchomeleaji, ufundi wa viyoyozi, umeme, uhasibu na kompyuta hufuata mtindo huohuo wa kuanza na cheti kifupi na kuongeza.

Sasa pesa. Fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ni moja, inaitwa FAFSA, na ni ya bure. Ukikuta mtu anadai malipo ili akujazie, ondoka. Chuo kitakusaidia bila senti. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaruhusiwa kuomba, si raia peke yao, lakini sheria za huku hubadilika, kwa hiyo thibitisha katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo chako. Msaada mkuu ni Pell Grant, ambao kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka, na si mkopo. Linganisha na ile ada ya dola 4,000 uone kwa nini nasema usiogope. Kinachobaki baada ya ada hurudishwa kwako kwa ajili ya vitabu na usafiri.

Watu wetu hukwama kwenye FAFSA kwa sababu ya majina. Jina unaloandika lazima lilingane herufi kwa herufi na lile la kadi ya Social Security, na wengi wetu majina yaligeuzwa kambini, la baba likawekwa mbele au herufi ikadondoka. Tarehe ya kuzaliwa nayo iwe ile iliyo kwenye hati zako, hata kama ni ile 1 Januari ambayo nusu ya ukoo wako imepewa. Kwanza linganisha karatasi zote mezani, ndipo uguse kompyuta. Vijana mlio chini ya miaka 24, ambao hamjaoa wala kuolewa na hamna watoto, mtaulizwa habari za wazazi. Kama mzazi amefariki, amepotea vitani au yuko nchi nyingine na hafikiki, msiandike uongo na msiache fomu. Nendeni ofisini mkaeleze. Wana utaratibu wa hali kama hizo.

Na hili naomba mlishike kwa mikono miwili: usipotee darasani kimyakimya. Kwetu mtu akishindwa kuendelea anaacha tu kwenda, basi. Huku ukiacha kwenda bila kujiondoa rasmi, somo linaandikwa F, yaani umefeli, na ukiondoka kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, sehemu ya msaada wa fedha hudaiwa irudishwe. Deni hilo linaweza kukuzuia kujiandikisha tena. Zaidi ya hapo, ili uendelee kupata msaada lazima uonyeshe maendeleo, kwa kawaida wastani wa alama wa 2.0, yaani C, na kufaulu takribani theluthi mbili ya krediti ulizojiandikisha. Kila muhula nakutana na mtu aliyepewa barua ya kusimamishiwa msaada, na mara nyingi ukiuliza unakuta alikuwa anauguza au zamu ilibadilishwa. Angemwandikia mwalimu mistari miwili, angeenda kwa mshauri wa masomo kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa, jambo lingekwisha. Hata ukishapata barua hiyo, rufaa ipo. Andika, ambatisha cheti cha daktari au ratiba ya kazi.

Kuhusu Kiingereza, msikimbilie masomo makubwa kwa aibu ya kukaa darasa la ESL, lile la Kiingereza kwa wenye lugha nyingine. Vyuo vingi vina madarasa ya aina mbili: ya bure, yasiyo na krediti, na yale yanayolipiwa, ambayo yanaweza kula Pell yako. Pell ina kikomo, takribani mihula 12 ya masomo kamili maishani mwako mwote, kwa hiyo uliza kwanza hili darasa liko upande gani. Anza na la bure kadiri linavyokufikisha. GED ina masomo manne, na huku haifanyiki kwa Kiswahili, kwa hiyo hicho Kiingereza cha bure kitakusaidia mara mbili.

Mlioishia na Diplôme d'État ya Congo, cheti cha kumaliza sekondari, au cheti cha kidato cha nne, msikubali kuanzishwa upya kabla ya kuuliza. Zipo taasisi zinazotathmini vyeti vya nje, na chuo kitakutajia zile kinazozikubali. Hesabu pia ina mtego wake. Mliosoma kwa mtindo wa Kifaransa mnaandika tatu na nusu kama 3,5. Huku ni 3.5, na mkato hutenganisha maelfu. Nimekaa na kijana aliyekuwa bingwa wa aljebra kambini, akapangiwa hesabu za chini kabisa baada ya mtihani wa kupima kiwango. Tulipopitia mazoezi pamoja, niliona akisoma 1,250 kama moja na robo. Alifanya mazoezi wiki moja, akarudia mtihani, akapanda ngazi mbili. Vyuo vingi huruhusu kurudia. Uliza.

Ukishaandikishwa, karatasi muhimu kuliko zote ni silabasi, yaani mpango wa somo zima. Mwalimu huigawa au kuiweka mtandaoni wiki ya kwanza, na baada ya hapo hatakukumbusha tena. Ukurasa wa kwanza una jina lake, barua pepe na saa zake za kupokea wanafunzi ofisini. Ndani utakuta kila zoezi lina uzito gani, kwa mfano majaribio asilimia 20 na mtihani wa mwisho 30, na adhabu ya kuchelewesha kazi. Dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi usiku kiwandani alikuja kituoni na silabasi mbili na kalenda ya kanisa aliyoing'oa ukutani jikoni. Tukakaa. Akahamisha kila tarehe kwa kalamu nyekundu, zamu zake akaziandika kwa bluu. Alipomaliza akaona kwa macho yake kwamba mtihani wa anatomia unaangukia asubuhi ya kutoka zamu ya usiku. Akaenda kwa msimamizi wake wiki tatu kabla, akabadilishana na mwenzake. Alipata B. Nawasihi mfanye hivyo hivyo, hata kama mtatumia simu badala ya kalenda.

Zile saa za ofisini ni zako. Sisi tumelelewa kwamba mwanafunzi mwenye adabu hukaa kimya na hamsumbui mwalimu. Huku mwalimu akikuona kimya hudhani umeelewa au hujali. Nenda, hata kwa swali moja, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Nenda pia kituo cha masomo, ambacho katika vyuo vingi ni bure, na ulizia programu ya TRIO, inayowasaidia wanafunzi wa kipato cha chini na wale ambao wazazi wao hawakumaliza chuo. Vitabu ni ghali, lakini maktaba huweka nakala za kusomea hapohapo. Vyuo vingi vina ghala dogo la chakula kwa wanafunzi. Chukua, limewekwa kwa ajili yako.

Jambo la kunakili nalieleza taratibu. Kambini kitabu kimoja kilikuwa cha watu wengi, na kusaidiana majibu kulikuwa ndiyo utu. Hapa kusoma pamoja kunaruhusiwa na kunapendeza, lakini unachokabidhi lazima ukiandike mwenyewe. Kunakili kazi ya mwenzako, au kubandika maneno ya mtandaoni bila kusema umeyatoa wapi, kunaweza kukufukuzisha.

Anza na somo moja au mawili. Pell hutolewa hata kwa anayesoma nusu muda, kwa kiwango kidogo. Anayefanya kazi saa 40, ana watoto watatu, kisha anachukua masomo manne muhula wa kwanza, huwa naogopa kumkosa muhula wa pili. Mueleze mwenzi wako na wakubwa wa nyumba mapema kwamba kwa muda fulani pesa za kutuma zitapungua, na sababu yake. Simu hizo ni ngumu, nazijua, lakini ni afadhali zipigwe mwanzoni kuliko mtu akatize masomo kwa lawama. Na kabla hujachagua somo lolote lenye krediti, muulize mshauri: krediti hizi zitapokelewa na chuo kikuu gani, kwa shahada gani? Akujibu kwa maandishi.

Wenye watoto sekondari, kuna kitu kingine. Shule nyingi zimeungana na vyuo hivi ili mwanafunzi achukue masomo ya chuo akiwa bado shuleni, mara nyingi bure au kwa ada ndogo, na krediti zikahesabika huku na huku. Barua zake huja kwa Kiingereza na watoto huzikunja wakaziacha kwenye begi. Piga simu shuleni, omba mkalimani wa Kiswahili, mtaje mshauri wa mtoto wako, uliza tarehe ya mwisho ya kuandikisha majina. Mara nyingi majina ya mwaka unaofuata hukusanywa kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya kiangazi.