Maswali Yenu Kuhusu Vittorio De Sica

Huyu De Sica alikuwa mwigizaji au mwongozaji?

Vyote viwili, katika sinema ya Italia. Swali hili linarudi kila mara, tafadhali tulifunge. Alizaliwa Sora, Italia, mwaka 1901, akapata jina mwaka 1932 kwa filamu *Gli uomini, che mascalzoni!* akiwa kijana mtanashati anayeimba. Kuongoza alianza 1940, na kuigiza hakuacha.

Ni kweli kwenye "Mwizi wa Baiskeli" alitumia watu wasio waigizaji ili kubana matumizi?

Kwanza jina: *Ladri di biciclette* (1948) ni *wezi*, kwa wingi. Baba, mbandika mabango aliyeibiwa baiskeli, mwishowe naye anajaribu kuiba. Ukiandika "mwizi" umeifuta nusu ya hadithi.

Fedha angeweza kuzipata. Mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kuzitoa, mradi Cary Grant, nyota wa Hollywood, awe baba huyo. De Sica akakataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani. Alitaka mtu ambaye ukimwona amebeba ngazi na mabango mitaani Roma, huna sababu ya kugeuka.

Lakini vijana mnaotengeneza filamu na kuniandikia kwamba nanyi "mmemwokota jirani" aigize, nisikilizeni. De Sica alikuwa na miaka mingi ya jukwaani na mbele ya kamera, na aliweza kumwigizia mtu kila hatua kabla ya kumwambia aifanye. Jirani yako umemfundisha nini? Na kamera ikizimwa, anarudi kwenye maisha gani? Maggiorani alipunguzwa kazi kiwandani baada ya filamu ile, na sinema haikumpa riziki ya maana. Fikirieni hilo kabla ya kumtoa mtu kwenye shughuli zake.

Tena, hakuna anayeniuliza kuhusu Cesare Zavattini, mwandishi aliyeshirikiana naye katika filamu zake kubwa karibu zote. Mwandishi asahaulike mpaka lini?

Alipata Oscar ngapi?

Filamu zake nne zilituzwa: *Sciuscià* na *Ladri di biciclette* kwa tuzo za heshima, kisha *Ieri, oggi, domani* na *Il giardino dei Finzi Contini*.

Mbona aliigiza pia filamu nyingi duni?

Kamari. Ilimla fedha, naye akakubali kazi yoyote iliyolipa. Isitoshe, filamu alizozipenda hazikujaza kumbi. *Umberto D.* ya mwaka 1952 ilikosa watazamaji, na Giulio Andreotti, aliyeshika mambo ya sinema serikalini, akamlaumu hadharani kwamba anaipaka Italia matope. Kosa lake lilikuwa kumwonyesha mzee ambaye pensheni haimtoshi kodi ya chumba. Kiongozi akichukizwa na picha ya mzee mwenye njaa, mwulizeni kuhusu njaa.

Nianze na ipi?

Hiyohiyo *Umberto D.* Usiisogeze mbele pale msichana wa kazi anapoamka na kusaga kahawa jikoni bila kusema neno.