Maswali na Majibu: Kifo Kisicho na Hakika

SWALI: Ndugu Mhariri, naandika hadithi ya kutisha kwa mtindo wa Kigothi (hofu ya majumba ya kale, giza na siri). Nimeshaua wahusika watano, na damu imetapakaa kila ukurasa, lakini wanaoisoma wanasema haiwatishi. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu yetu, watano ni wengi. Hadithi ya Kigothi hutosheka na kifo kimoja, ilimradi msomaji asiwe na hakika nacho.

Isome polepole "The Fall of the House of Usher", hadithi fupi ya Mmarekani Edgar Allan Poe, iliyotoka 1839. Shaka inapandwa mapema: Madeline ana ugonjwa uliowashinda madaktari, na mara kwa mara mwili wake hukakamaa kama wa mfu. Msomaji hupita hapo bila kushtuka. Anapotangazwa kufa, pacha wake Roderick hamziki. Anataka kumhifadhi wiki mbili ndani ya jumba lenyewe. Sababu zake zinaingia akilini: madaktari wana udadisi, na makaburi ya ukoo yako mbali. Usikose sababu za namna hiyo, la sivyo msomaji ataona ni wewe unayehamisha jeneza.

Mahali nako kumepimwa. Chumba ni kidogo, kina unyevunyevu, hakina mwanga, mlango wake ni wa chuma kizito, nacho kiko chini kabisa ya chumba anacholala msimuliaji, rafiki wa Roderick aliyekuja kumtembelea. Kabla ya kuondoka wanafunua jeneza kidogo. Mashavu yana wekundu hafifu, midomo kama inatabasamu. Wanakaza skrubu, wanatoka.

Poe haongezi neno, na hapa ndipo wengi huharibu: huandika "kumbe alikuwa hai!" na hofu inakufa changa. Yeye anasubiri siku ya saba au ya nane, usiku wa dhoruba, na hata hapo sauti za kwanza za Madeline akijitoa jenezani zinafanana na matukio ya kitabu ambacho msimuliaji anamsomea Roderick.

Wasomaji wake hawakuhitaji kushawishiwa sana. Karne ya 19 wengi Ulaya na Marekani waliogopa kuzikwa hai, hata yakabuniwa majeneza yenye kamba ya kuvuta kengele.

Kwa hiyo wafute wanne. Yule mmoja mpe ugonjwa mapema, mpe mahali pa kulazwa karibu na walio hai, kisha nyamaza kurasa kadhaa.

SWALI: Je, ni lazima mfu arudi kweli?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Hapana. Katika "The Mysteries of Udolpho", riwaya ya Mwingereza Ann Radcliffe (1794), mhusika mkuu Emily anafunua pazia jeusi ndani ya ngome ya Udolpho na kuzimia. Karibu na mwisho ndipo tunaambiwa alichokiona: sanamu ya nta yenye sura ya maiti iliyooza, ambayo mtu wa ukoo wa Udolpho aliamriwa kuitazama kila siku kama kitubio. Ufafanuzi wenyewe una uzito, ila tunaona umecheleweshwa mno; ukifuata njia hii, toa ufafanuzi hofu ikiwa bado ya moto.